Faini ya Kinyonga

Benchi letu liko kwenye pembe ya mitaa miwili, kati ya kibanda cha kahawa cha Shangazi na duka la fotokopi linalopiga pia picha za pasipoti. Ni ubao mmoja mrefu juu ya matofali, umelainika kwa kukaliwa miaka mingi, na kila mtu ana mahali pake. Mwisho wa kushoto hukaa Wakili, ambaye hajasomea sheria hata siku moja, ila alifagia mahakama miaka minne, na yale aliyoyaokota huku akifagia anatugawia mpaka leo. Anayefuata ni Mitambo, fundi redio. Halafu mimi, dereva wa basi la shule, ninayeitwa Kengele kwa sababu kengele ya shule ikishalia ndipo nafika kijiweni. Mwisho wa kulia ni pa Kinyonga. Asubuhi hiyo Kinyonga alitutangulia sote, na hakukaa. Alisimama na karatasi mkononi, akatazama saa, akatazama karatasi, akatazama saa tena.

Usipomjua Kinyonga hutacheka na wala hutaona uchungu. Miaka kumi na miwili ameendesha gari la kusambaza mayai, na mtu wa mayai hajui kukimbia. Akitaka kukata kona anawasha taa ya ishara mapema mno, hata kama nyuma yake hakuna hata baiskeli. Utaratibu huo ndio uliompa kazi ng'ambo, kuendesha basi dogo la kuwapeleka wazee hospitalini na kuwarudisha makwao. Ndege ilikuwa kesho yake alfajiri.

Tena ana kigari chake mwenyewe, cheupe, kidogo. Kwa kuwa mchana kutwa yuko na mayai, kigari kilikuwa kikishinda ukutani bure. Akasema gari lisilotembea hufa betri, akautundika ufunguo kwenye msumari ndani ya kibanda cha Shangazi. Mwenye shida achukue, arudishe, mafuta yawe pale alipoyakuta. Shangazi alitaka pawe na daftari, nani kachukua na lini. Tulimcheka. Wakili akasema ndugu hawaandikiani. Ufunguo ule umepeleka wajawazito wodini, umehamisha vitanda, umefuata mabibi harusi wawili, na hakuna palipoandikwa hata herufi moja.

Shangazi: Kaa basi, baba. Kahawa hainywewi kwa kusimama.

Kinyonga: Sikai, Shangazi. Nikikaa nitachelewa.

Wakili: Wewe? Wewe hata tumboni ulikaa miezi kumi!

Kinyonga hakucheka. Aliilaza karatasi juu ya benchi, katikati yangu na Mitambo.

Kinyonga: Jana nilikwenda kuchukua ile barua ya rekodi safi ya udereva. Wale wa ng'ambo wameitaka kabla sijapanda ndege. Nikaambiwa barua hakuna, nina faini.

Mitambo: Umeegesha vibaya.

Kinyonga: Mwendo kasi.

Hapo benchi lilipasuka kwa kicheko. Wakili alijishika mbavu. Shangazi mwenyewe, ambaye huwa hacheki kabla ya saa nne, alimwaga kahawa kwenye sahani.

Wakili: Mwendo kasi! Kinyonga! Jamani, mwenda pole hajikwai, lakini huyu kajikwaa akiwa amelala!

Mitambo: Kasi gani hiyo?

Kinyonga: Tisini na sita. Mahali pa hamsini.

Mitambo: Tisini na sita wewe hujafika, hata tukijumlisha ya jana na ya leo.

Kinyonga: Cheka tu, kaka. Dirisha la barua linafungwa saa sita mchana. Wamenitumia ujumbe kwamba bila barua tiketi inafutwa na kazi anapewa mwingine. Gari la mayai nimeshalirudisha, kuna mtu kashalipokea. Mama watoto amefunga begi na kulifungua mara tatu. Nikirudi na hadithi ya kamera ya barabarani nitamwambia nini?

Kicheko kikaisha. Mitambo akamsogezea kikombe, hakukigusa.

Mimi nilikuwa nimeinama nasoma. Picha ilionyesha kigari kwa nyuma, namba inasomeka vizuri kabisa, kichwa cha dereva kivuli tu. Chini yake pameandikwa tarehe kumi na nne mwezi wa tatu, saa nne na dakika arobaini asubuhi, barabara ya darajani. Sitakuzungusha, msomaji, maana asubuhi nzima ile nilikuwa nikizungusha watu. Siku hiyo ufunguo nilichukua mimi. Nilimwambia Shangazi, mbele ya Wakili, kwamba nampeleka mama mkwe hospitali ya macho.

Na kuna jambo la pili. Karatasi za namna hii nazijua, tulionyeshwa kwenye semina ya madereva wa shule. Mbele huandikwa kosa. Nyuma ndiko kuna dawa: mwenye gari kama si yeye aliyeendesha, anaandika jina la dereva, dereva anatia sahihi na namba ya leseni, na kosa linahamia kwake palepale dirishani. Kinyonga alikuwa hajaigeuza. Na shule yangu ina sheria moja isiyo na mjadala, kwamba dereva mwenye kosa la mwendo kasi hagusi basi la watoto.

Basi nikachukua kikombe changu kilichojaa, nikakiweka juu ya karatasi, kama mtu anayezuia isipeperuke. Upepo haukuwepo.

Shangazi: Sasa si ulipe tu yaishe?

Kinyonga: Nikilipa nimekubali, Shangazi. Nikikubali, kosa linakaa kwenye rekodi yangu mwaka mzima. Ndivyo alivyoniambia yule dada wa dirishani, kisha akaita anayefuata.

Wakili: Tulieni. Tulieni niwape sheria. Kesi ya mtu asiyekuwepo hulala. Nimeziona kwa macho yangu, mafaili yamelala kabatini, nikifagia nayasogeza. Wewe panda ndege. Ukishakanyaga ng'ambo, faini inakutafuta huku, haikuoni, inachoka.

Kinyonga: Na barua je?

Wakili: Waambie iko njiani, inakuja kwa meli.

Kinyonga: Barua ya ukurasa mmoja, kwa meli?

Wakili: Subira huvuta heri!

Mitambo: Wakili, unampeleka mwenzio pabaya. Hapandi ndege huyu. Pale uwanjani siku hizi kuna mashine. Unaweka kidole, mashine inasoma magari yote uliyowahi kuyashika. Taa ikiwaka nyekundu, unatolewa kwenye foleni mbele za watu, begi lako linashushwa peke yake.

Kinyonga: Umeiona wapi hiyo?

Mitambo: Shemeji yangu ana rafiki anayefagia uwanjani.

Wakili: Huyo simtilii shaka. Wafagiaji wanajua.

Kinyonga alitazama kidole chake gumba. Nakuambia alikitazama kweli, akakipangusa kwenye suruali. Moyo uliniuma, na kikombe nikakiacha palepale juu ya karatasi.

Kinyonga: Saa ngapi?

Mimi: Saa tatu na nusu.

Kinyonga: Kutoka hapa hadi kule ni dakika arobaini.

Mitambo: Kwa miguu?

Kinyonga: Kwa gari.

Mitambo: Kwa gari ni ishirini, bwana! Haya, mimi nitakwambia kilichotokea. Ile kamera ni chombo kama redio, na chombo kikipata joto kinasema uongo. Wewe ulikuwa unakwenda zako arobaini. Juu akapita ndege, kunguru sijui njiwa, na hamsini na sita zake. Kamera ikajumlisha.

Wakili: Arobaini na hamsini na sita...

Mitambo: Tisini na sita! Piga hesabu wewe mwenyewe! Namba hazidanganyi.

Shangazi: Ndege gani anakwenda hamsini na sita?

Mitambo: Aliyechelewa.

Nilicheka na wenzangu, na nikaona kwamba wakati wanacheka hakuna anayetazama karatasi. Nikaona njia. Mtu akishaanza kujificha anakuwa mbunifu ajabu, na mimi sijawahi kuwa mbunifu kama asubuhi ile.

Mimi: Mnajua kuna magari pacha?

Wakili: Pacha vipi?

Mimi: Mtu anaona gari lako, jeupe, dogo. Naye analo kama hilo. Anachonga namba kama yako. Anakimbia mji mzima, faini zinakuja kwako. Kinyonga, ndugu yangu, una pacha.

Nilisema "ndugu yangu" bila kigugumizi. Wakili alisimama kwa furaha, maana alikuwa hajapata jambo zito kiasi hicho tangu mwaka jana.

Wakili: Kengele kasema! Mficha uchi hazai! Nilikwambia zamani, Kinyonga, funika namba ya gari lako usiku. Sasa unaona?

Methali ile haikuhusu namba za magari hata kidogo, lakini mimi ilinipata sawasawa, kifuani.

Mitambo: Ngoja, hapo kuna hatari zaidi. Kama amechonga namba, ameshindwa nini kuchonga leseni? Kama ana leseni, ana pasipoti. Kesho Kinyonga anafika kule ng'ambo anaambiwa, "Wewe mbona uliingia juzi?"

Wakili: Naam! Na kazi ameshaanza! Wazee wanamzoea!

Mitambo: Mke wa Kinyonga akipiga simu inapokewa na pacha.

Kinyonga: Jamani.

Mitambo: Na anamjibu kwa upole!

Kinyonga: Jamani, nawaomba. Nimekuja hapa kwa sababu ninyi ndio watu wangu. Nikikosa hii kazi sina ya pili. Nifanye nini?

Simu yake ikalia. Ilikuwa mkewe. Aligeuka upande wa ukuta akazungumza kwa sauti ya chini. "Ndiyo. Nalishughulikia. Hapana, usilie. Sweta za watoto ziache. Begi lifunge tu." Alipogeuka tena uso ulikuwa umemlegea, akakaa kwa mara ya kwanza asubuhi ile. Akaanza kusugua goti lake kwa kiganja, kwenda na kurudi.

Mitambo, ambaye kimya humuumiza, akadakia.

Mitambo: Au lilijiendesha lenyewe.

Shangazi: Ebo!

Mitambo: Msinicheke. Hapo ukutani si pana mteremko? Breki ya mkono ikilegea, gari linashuka. Likishuka, linashika kasi. Wahenga waliona mbali: chema chajiuza, kibaya chajitembeza!

Kinyonga: Lijitembeze mpaka darajani?

Mitambo: Mpaka darajani.

Kinyonga: Lipinde kona tatu?

Mitambo: Limezoea njia.

Kinyonga: Na kurudi, kupanda?

Mitambo: Si ulilikuta hapo jioni? Basi, lilirudi.

Shangazi alikuwa anafuta vikombe kwa kitambaa. Aliacha. Akageuka akautazama msumari, ufunguo ukining'inia, kisha akatutazama sisi mmoja baada ya mwingine. Mimi nilitazama viatu vyangu.

Shangazi: Kikulacho ki nguoni mwako.

Wakili: Ahsante, Shangazi! Ndiyo hiyo! Kagua mifuko, Kinyonga. Haraka. Pengine ulishalipa siku nyingi na risiti unatembea nayo.

Na yule maskini akakagua kweli. Alitoa mfukoni picha mbili za pasipoti, kalamu, leso, na peremende moja iliyonunuliwa kwa ajili ya mtoto. Akavipanga juu ya goti, akavitazama, akavirudisha kimoja kimoja. Risiti ingetoka wapi?

Wakili: Basi nimebakiwa na neno moja, na sipendi kulisema. Hapa kuna mkono wa mtu. Kuna mtu hataki uende. Mtu ana kijicho, Kinyonga. Kazi hii kuna mtu aliitaka yeye.

Nilikisogeza kikombe changu hadi katikati ya karatasi.

Kwa sababu ni kweli. Tangazo la kazi ile Kinyonga mwenyewe ndiye aliyelileta kijiweni, akatusomea kwa sauti, akasema atajaribu bahati yake. Alikwenda kwenye usaili siku ya kwanza. Mimi nilimwambia kazi za ng'ambo ni za watu wasio na shughuli. Siku ya mwisho ya usaili, tarehe kumi na nne, nilipomaliza kushusha watoto nilikuja hapa, nikadanganya habari za mama mkwe, nikachukua ufunguo wake, nikavuka daraja na gari lake kuomba kazi yake. Nilikuwa nimechelewa. Nilikanyaga mafuta. Kule waliniuliza kama nimewahi kupatikana na kosa la mwendo kasi, nikasema sijawahi, na gari nje lilikuwa bado la moto. Wakasema watanipigia. Mpaka leo.

Simchukii Kinyonga. Nampenda. Nilitaka tu, japo mara moja, niwe mimi ndiye ninayeagwa.

Kinyonga: Hapana, Wakili. Kijicho na mimi? Nani anionee kijicho mimi?

Tuliyarudia yote, kutoka kunguru hadi kijicho. Saa ilikuwa imefika tano kasoro dakika tano.

Hapo akatoka dada mmoja kwenye duka la fotokopi, mkoba begani. Hatukuwahi kumwona. Alisema picha zake za pasipoti zinasubiri mashine ipate wino, akaomba kahawa na mahali pa kuegemea.

Wakili: Karibu, dada. Mgeni njoo, mwenyeji apone!

Kwa mara ya kwanza katika maisha yake Wakili aliipatia methali, na hakujua.

Alikaa ukingoni akanywa polepole, huku Mitambo akimsimulia yote tangu mwanzo, pamoja na kunguru, pacha na mteremko. Dada alisikiliza bila kukatiza. Mitambo alipomaliza, yeye alinyoosha mkono.

Dada: Naweza kuiona?

Alikiinua kikombe changu, akakiweka pembeni taratibu kisimwagike, maana kilikuwa bado kimejaa. Akasoma mbele. Akaigeuza. Ni kitendo kidogo kabisa, kugeuza karatasi. Tulikuwa wanaume wanne, saa mbili nzima, na hakuna aliyekifanya, watatu kwa kutojua na mmoja kwa kujua.

Dada: Samahani, kaka zangu. Siku hiyo gari alikuwa nalo nani?

Alitusomea pale nyuma, neno kwa neno. Kinyonga alisimama, akakaa, akasimama.

Wakili: Mwezi wa tatu? Mimi mwezi wa tatu... Mpwa wangu ndiye aliyeendesha, tulichukua magodoro. Ilikuwa kumi na nne au ishirini na nne?

Mitambo: Mimi nilipeleka spika kwenye harusi. Lakini harusi huwa Jumamosi. Kumi na nne ilikuwa siku gani? Shangazi, mimi nilikimbia? Nilirudi nikisema nimekimbia?

Wakili: Ulisema! Nakumbuka ulisema!

Mitambo: Nilisema nimekimbizwa na mbwa!

Shangazi: Niliomba daftari. Daftari moja la watoto wa shule, mkanicheka.

Wote walikuwa wameingiwa na hofu sasa, kila mmoja akijihesabia siku kwa vidole. Niliwaona wenzangu wawili wakitetemeka kwa kosa ambalo si lao, na nilikuwa na uwezo wa kuwatuliza kwa neno moja. Lakini niliwaona pia watoto wa basi langu, yule mdogo wa kiti cha mbele anayenishikia chupa yake ya maji nimfungulie kila asubuhi. Niliiona shule ikimpa mtu mwingine ufunguo.

Kinyonga: Basi, acheni. Siwezi kuandika jina la mtu kwa kubahatisha. Nitamharibia mwenzangu riziki ili mimi nikale yangu? Ufunguo niliutundika mimi. Nitaandika langu.

Dada: Kaka, ukiandika lako hupati barua.

Kinyonga: Najua, dada yangu.

Alitoa kalamu mfukoni. Akainama juu ya benchi. Kinyonga hata kuandika huandika polepole, na upole huo ndio ulioniokoa, au ulioniangamiza, mpaka leo sijui. Alikuwa amefikia herufi ya kwanza.

Mimi: Lete kalamu.

Kinyonga: Nini?

Mimi: Nilikuwa mimi. Tarehe kumi na nne, nilikuwa mimi. Lete kalamu kabla sijabadili nia.

Nikakata ile herufi yake, nikaandika jina langu kamili, ambalo wengi pale walikuwa hawajawahi kulisikia, nikaandika namba ya leseni, nikatia sahihi. Sahihi ilifanana na ya mtu mwingine.

Mitambo: Kengele! Na uliniacha nihangaike na kunguru!

Wakili: Mwacheni! Huyu ni mwanaume! Shule watamfukuza na bado amesema! Haya, tena tukumbuke, siku ile alikuwa na mama mkwe garini. Mama mkwe! Sheria inasema mgonjwa garini, mwendo ni wa mgonjwa!

Shangazi: Kweli. Uliniambia ni macho. Maskini, kumbe hali ilikuwa mbaya kiasi hicho.

Kinyonga alinishika mabega kwa mikono miwili. Machozi yalikuwa yanamlenga.

Kinyonga: Ungeniambia tu, kaka. Mgonjwa ni mgonjwa. Hata mimi ningekimbia.

Mitambo: Wewe usingekimbia.

Kinyonga: Ningefika hamsini.

Tukacheka sote, na mimi nilicheka, na kwa dakika moja hivi nilikuwa mtu mwema kuliko wote kijiweni pale. Ningeweza kubaki nayo hiyo dakika. Nilikuwa nimeilipia.

Kinyonga aliichukua karatasi aikunje. Lakini Kinyonga hakunji kitu bila kukitazama kwanza. Mtu aliyepita barabara zote za mji huu kwa mwendo wa mayai anajua kila ukuta. Aliigeuza upande wa mbele. Aliitazama picha muda mrefu.

Kinyonga: Hapa ni darajani.

Mimi: Ndiyo.

Kinyonga: Hospitali ya macho iko juu huko, upande wa shule.

Nikamrudishia kalamu yake.

Kinyonga: Ukishavuka daraja kuna kiwanda cha mabati. Halafu kituo cha mafuta. Halafu...

Midomo yake ilikuwa inahesabu siku za usaili. Tarehe kumi na nne. Nikamwona akifika, taratibu, kama anavyofika kila mahali. Hakunikasirikia. Laiti angenikasirikia.

Kinyonga: Mbona hukuniambia? Si tungekwenda wote.

Wakili alimtazama Mitambo, Mitambo akamtazama Shangazi. Hawakuwa wameelewa bado. Dada mgeni alikuwa ameelewa, akainamisha macho kwenye kikombe chake. Kinyonga alisubiri. Alisubiri kabisa jibu, mtu mwenye dakika chache tu mkononi, akiamini kwamba jibu lipo na kwamba litakuwa zuri.

Shangazi: Baba, saa tano na robo!

Akaushusha ufunguo msumarini, akampa. Kinyonga akaingia garini, akafunga mkanda, akarekebisha kioo, akawasha taa ya ishara.

Mitambo: Kanyaga! Kanyaga mafuta, Kinyonga!

Wakili: Haraka haraka ina baraka! Leo tu!

Kigari kilitoka taratibu, kikapanda tuta taratibu, ishara ikiwaka na kuzima kwenye barabara tupu. Nilipiga hesabu kichwani. Atafika saa sita kasoro dakika tano. Atapata barua. Kesho atapanda ndege, atawaendesha wazee wa watu bila kuwatikisa, na siku moja atauliza tena, kwa simu, kwa upole uleule.

Wenzangu walikisindikiza kigari kwa macho mpaka kilipokata kona. Kisha Mitambo akageukia upande wangu.

Mitambo: Kwani alikuuliza nini pale? Twende wote wapi?

Shangazi alikuwa anakusanya vikombe, kahawa imekwisha. Changu alikikuta kimejaa, baridi. Alinitazama, akakimwaga chini.